Gari la Chini na Haki ya Matuta

Neno tuta lilikuwa la mkulima kabla halijawa la dereva. Mkulima hukusanya udongo, huuinua katika mistari, na juu ya mistari hiyo hupanda marando ya viazi au vipande vya mihogo. Tuta la shamba huinuliwa ili maji yasituame na mizizi ipate nafasi ya kunenepa. Barabara zilipotandazwa lami na magari yalipozidi mwendo, watu waliona mwinuko uliolala kukata njia, wakaukumbuka ule wa shambani, wakaupa jina lake. Si kila msomaji wa kurasa hizi amepata kulima, lakini kila mmoja amepita juu ya tuta la barabarani, ama ndani ya daladala ama ndani ya gari lake mwenyewe, na aghalabu amelipita kwa kunung'unika. Nataka kulitazama tuta hilo kutoka mahali ambapo huonekana kubwa kuliko linavyoonekana kwa watu wengine, yaani kutoka katika kiti cha dereva wa gari la chini.

Gari ninaloendesha ni amana ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ambaye mwaka 2023 alikwenda ng'ambo kusoma. Ni gari dogo la Kijapani, la namna ile inayoonekana kila mtaa wa Dar es Salaam. Lilipotoka kiwandani tumbo lake lilikuwa sentimita 16 juu ya ardhi. Mpwa wangu na rafiki zake waliondoa springi zake, wakatia nyingine fupi, wakalivika magurudumu mapana, na tumbo likabaki sentimita 11 tu kutoka chini. Kwa macho ya vijana, gari lililoshushwa namna hii lina haiba ya chui aliyejikunyata kabla ya kuruka. Kwa macho ya watu wa umri wangu, lina sura ya gari lililobeba mzigo usioonekana.

Alipokuja kuaga aliniamkia, akanikabidhi funguo kwa mikono miwili, akasema, "Mjomba, gari nakuachia kama lilivyo. Fundi yeyote atakushauri ulipandishe. Nakuomba usilipandishe, nilijinyima mengi kwa ajili yake, na nataka nilikute hivi hivi." Nilimjibu kwamba kitu cha amana hurudishwa kama kilivyowekwa. Juma lililofuata nilihesabu matuta yaliyopo baina ya nyumba yangu na chumba ninachofundishia, nikapata kumi na saba. Kwenda na kurudi ni thelathini na manne. Mtu aliyebeba amana katika njia ya matuta thelathini na manne kila siku hana budi kujifunza elimu ya matuta, apende asipende.

Jambo la kwanza katika elimu hiyo ni kuyajua majeraha. Gari la chini huumia mahali patatu. Huumia puani, yaani ukingo wa chini wa bampa ya mbele, ambao hutangulia magurudumu na kwa hiyo hulifikia tuta kabla gurudumu halijaanza kupanda. Huumia tumboni, pale ambapo magurudumu ya mbele yamekwisha kushuka upande wa pili na ya nyuma bado hayajapanda, na tuta limebaki katikati kama mgongo wa ng'ombe chini ya machela. Mwisho huumia mkiani, magurudumu ya nyuma yanaposhuka na sehemu iliyo nyuma yao ikainama kulifuata tuta. Jeraha la pua huharibu sura. Jeraha la mkia hukwaruza bomba la moshi. Jeraha la tumbo ndilo la kuogopwa kuliko yote, kwa sababu chini ya injini limo bakuli la oili, na bakuli hilo likipasuka, oili humwagika, na injini isiyo na oili hujiunguza yenyewe kwa muda mfupi sana.

Jambo la pili ni kujua namna ya kupita. Watu wengi hudhani kwamba yatosha kwenda polepole. Methali yetu husema mwenda pole hajikwai, na kwa miguu ya binadamu ni kweli. Kwa gari, upole ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni wakati wa upole huo. Dereva anayekuja kwa kasi, akakanyaga breki hatua mbili kabla ya tuta, na akaendelea kuikanyaga mpaka gurudumu linapogusa mwinuko, amepunguza mwendo lakini amelikosea gari lake. Gari linapofungwa breki uzito wake hukimbilia mbele, springi za mbele hubanwa, na pua huinama sentimita kadhaa. Kwa gari refu sentimita hizo si kitu. Kwa gari lenye sentimita 11, ni sehemu kubwa ya mali yake yote. Kwa hiyo huinamisha pua pale pale inapotakiwa kuinuka, mfano wa mtu anayepiga magoti mbele ya ngazi anayotaka kuipanda.

Njia iliyo sawa ni kufunga breki mapema, mbali kidogo na tuta, mwendo ukashuka mpaka ule wa mtu anayetembea, kisha kuiachia breki kabisa. Breki ikiachiwa, springi hujinyosha na pua huinuka ikarudi mahali pake. Ndipo gari huachwa lipande kwa gia ya kwanza, kwa nguvu ndogo tu ya injini. Magurudumu ya mbele yanaposhuka upande wa pili, dereva asifurahi mapema. Wengi huongeza mafuta wakati huo kwa kuona kwamba kazi imekwisha, ilhali nusu ya gari bado iko upande wa huku. Gari likiongezwa mwendo uzito hurudi nyuma, mkia huinama, na sauti ya chuma juu ya saruji huwaarifu watu wa barazani kwamba dereva hakuwa na subira. Subira ya gari la chini huhesabiwa mpaka gurudumu la mwisho.

Yako mambo mengine madogo, lakini madogo hayo ndiyo hukamilisha. Abiria watatu wa kiti cha nyuma hulishusha gari. Mbele ya tuta lililo baya ni halali kuwaomba washuke, wavuke kwa miguu, wapande tena. Sijapata kuona abiria aliyechukia jambo hilo, isipokuwa wakati wa mvua. Tairi zilizopungua upepo nazo hulishusha. Tena yafaa kutazama ardhi iliyo mbele na nyuma ya tuta, kwani maji ya mvua huzuiliwa na mwinuko, hutafuna lami au udongo hapo chini, na kuacha shimo. Tuta la sentimita 10 lililotanguliwa na shimo la sentimita 5 ni tuta la sentimita 15 kwa gurudumu linalotoka shimoni.

Iko pia mbinu ya kupita mshazari, ambayo vijana huisifu sana. Dereva hulikabili tuta kwa pembe, gurudumu moja likapanda kwanza na jingine likafuata. Mbinu hii ina faida ya kweli. Mwinuko unaopandwa mshazari huwa mrefu zaidi chini ya gurudumu, na kwa sababu hiyo huwa mpole zaidi kwa pua, kama vile njia ya mlimani inayozunguka ilivyo nyepesi kuliko ile inayopanda wima. Lakini tumbo halipati faida kubwa, kwa kuwa kwa pembe za kawaida hufika wakati ambapo tuta lote limo baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Tena mbinu hii ina gharama ambayo hailipwi na dereva. Gari lililo mshazari huchukua sehemu ya njia ya wengine. Mwendesha pikipiki anayetoka upande wa pili hukuta pua ya gari mahali ambapo alitazamia njia tupu. Mimi hupita mshazari pale tu ninapoona njia nyeupe mbele na nyuma. Penye watu, naona ni afadhali kuchubua rangi ya bampa kuliko kumchanganya mwenye pikipiki na mkewe aliyepakia mtoto mgongoni.

Mbinu hizi zilinitosha kwa matuta kumi na matano kati ya kumi na saba. Mawili yalibaki magumu, nami nilishangaa, maana yote mawili hayakuwa marefu kwenda juu kuliko mengine niliyoyapita bila taabu. Nilichukua rula na kamba, nikayapima matuta yote siku ya Jumapili, watoto wa mtaani wakinifuata na kuniuliza kama serikali imenituma. Vipimo vilinifundisha jambo ambalo macho hayakuniambia: ukali wa tuta hukaa katika umbo lake kuliko katika kimo chake.

Msomaji na anivumilie kwa hesabu ndogo. Tuchukue tuta la kuviringa lenye kimo cha sentimita 10, na upana wake, kwa kufuata njia ya gari, ni mita 3.7. Baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ya gari langu pana mita 2.6. Basi gari linapokuwa katikati ya tuta hilo, magurudumu yote manne yamo juu ya tuta, yamekwisha kuinuliwa nalo, na kilele kinachoingia tumboni huzidi mstari wa magurudumu kwa kama sentimita 5 tu. Pua nayo, inapolifikia, huhitaji nafasi ya kama sentimita 7 na nusu. Gari lenye sentimita 11 hupita kwa amani, maadamu dereva hafungi breki juu yake. Sasa tuchukue tuta la kimo kile kile cha sentimita 10, lakini upana wake ni sentimita 30 tu. Gari halipandi juu ya tuta hili. Hulichukua lote chini ya tumbo lake, na tumbo huhitaji sentimita 10 kamili, bila punguzo. Matuta haya mawili yana kimo kimoja. La kwanza humwinua mtu kabla ya kumdai. La pili hudai bila kuinua.

Elimu hii si mpya, wala sidai kuivumbua. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, mkuu wa chuo aliudhika kwa kuona magari yanapita kasi mbele ya jengo kuu, akabuni matuta ya kuyapunguza mwendo. Mkuu huyo alikuwa Arthur Holly Compton, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1927 kwa utafiti wake wa miali ya eksirei, na ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alishiriki katika kazi ya kutengeneza bomu la atomiki. Hunifurahisha kufikiri kwamba akili iliyokwisha kushughulika na vitu vidogo visivyoonekana na vitu vikubwa vya kuogofya haikuona haya kushughulika na mwinuko wa barabarani. Wasomi wa vyuo vikuu hulaumiwa kwamba hawayatazami mambo ya njiani. Compton aliyatazama.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1973, watafiti wa maabara ya serikali ya mambo ya barabara nchini Uingereza walitoa taarifa ya majaribio yao juu ya maumbo mbalimbali ya matuta. Waliona kwamba tuta jembamba lina upungufu wa ajabu: gari likilipita kwa kasi kubwa, springi na tairi hulimeza pigo kabla mwili wa gari haujainuka, na dereva huweza kuona raha zaidi akienda mbio kuliko akienda polepole. Tuta jembamba, basi, laweza kumtuza mkosaji. Umbo walilolipendekeza ni lile la kuviringa lenye upana wa kama mita 3.7, ambalo usumbufu wake huongezeka kila mwendo unapoongezeka. Tuta la namna hiyo halimsumbui anayekwenda polepole, awe katika gari gani, na humsumbua anayekwenda mbio, awe katika gari gani. Kwa lugha ya mahakama ningesema kwamba tuta hilo huhukumu kosa bila kutazama uso wa mshtakiwa.

Hapa mtu ataniuliza: je, mwenye gari la chini hastahili taabu aipatayo, maana yeye ndiye aliyelishusha? Swali hilo lina historia. Katika jimbo la California, baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana Wamarekani wenye asili ya Mexico walianza kushusha magari yao, hata kwa kutia mifuko ya mchanga nyuma. Vijana wengine wa nchi hiyo walitaka gari la kwenda kasi. Hawa walitaka gari la kwenda polepole, lipendeze, lionekane, na mwenyewe aonekane ndani yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 sheria ya jimbo ilikataza gari lililobadilishwa kuwa na sehemu yoyote iliyo chini kuliko ukingo wa chini wa rimu zake. Ron Aguirre, kijana wa huko, alilijibu katazo hilo kwa kulifunga gari lake pampu za maji mazito za namna inayotumika katika ndege, akaweza kuliinua na kulishusha apendavyo: mbele ya askari liko juu, baada ya askari liko chini. Katazo lilidumu zaidi ya miaka 60, likaondolewa kuanzia tarehe 1 Januari 2024. Najifunza katika habari hii kwamba wanadamu huchanganya upesi mambo mawili, gari la chini na gari la hatari. Gari langu ni la chini; kwa sababu hiyo hiyo ndilo gari linalokwenda polepole kuliko yote katika mtaa wetu.

Mambo haya yangebaki kuwa mazungumzo ya mtu na rula yake, lau si jambo lililotokea mtaani petu mwaka 2024. Mbele ya shule ya msingi, mahali ambapo njia hushuka mteremko, gari dogo la mizigo lilimgonga mtoto wa darasa la pili. Mtoto alinusurika, lakini mguu ulivunjika mara mbili, na mwaka ule hakusoma tena. Usiku wa tatu baada ya ajali, wazazi walikusanya mawe, matofali yaliyovunjika na saruji, wakajenga tuta kwa mikono yao. Hawakumwuliza mhandisi wala mwenyekiti. Asubuhi nililikuta limekauka, kimo chake sentimita 14, upana wake haukufika hata nusu mita, ncha yake kali kama paa la nyumba. Hakuna mbinu ya kulipitisha gari langu juu ya tuta hilo. Nililiacha kwa mwenye mashine ya kusaga, upande wa pili wa shule, nikawa naliendea kwa miguu kila alfajiri.

Baada ya majuma mawili ukaitishwa mkutano wa mtaa. Wenye magari walitaka tuta livunjwe, maana hata magari yasiyoshushwa yalikuwa yakiparuza yakiwa na abiria wanne. Wazazi walitaka libaki. Wenye magari walinigeukia mimi, kwa kuwa kila mtu alijua gari langu liko wapi na kwa nini, wakatazamia kwamba mwalimu wa chuo kikuu atasema kwa ufasaha yale waliyoyasema kwa hasira. Kabla sijainuka, alisimama bibi wa mtoto yule. Alinisalimu, nikamwamkia, kisha akasema, "Mwanangu, nasikia gari lako ni amana. Huyu mtoto naye ni amana. Wazazi wake wako machimboni, wameniachia mimi. Sasa niambie, amana ipi ipite kwanza?"

Nilisimama, na kwa muda nilikosa la kusema. Hoja ilikuwa imenishika mahali ambapo sikuwa na kinga, na ilikuwa imesemwa bila ukali. Nilipopata sauti nilimjibu, "Ya kwako, bibi. Hilo halina mjadala." Kisha nikaomba ruhusa ya kueleza nililoliona, maana jioni mbili nilikaa kwa mwenye mashine nikitazama nani anapunguza mwendo mbele ya tuta lile na nani hapunguzi. Magari madogo yalisimama kabisa, yakapita kwa kusitasita kama mtu anayevuka mto asioujua. Magari makubwa ya mizigo, yenye matairi mapana na tumbo lililo juu, yalilirukia kwa mwendo ule ule waliokuja nao; vyuma vilipiga kelele, vumbi likatimka, basi. Pikipiki zilipita pembeni, katika upenyo ulioachwa kwa ajili ya maji, na upenyo huo ndio watoto waliosimama wakingoja kuvuka. Nikasema, "Gari lililomgonga mtoto wetu ni la namna ile inayoruka. Tuta hili limewakamata wote isipokuwa yule tuliyemkusudia."

Sikuomba livunjwe. Niliomba lipanuliwe: kimo kipungue mpaka sentimita 10, upana uongezwe mpaka mita 3.7, na upenyo wa maji uhamishiwe chini ya tuta kwa bomba, ili pasiwe na mlango wa pikipiki. Mzee mmoja aliuliza iweje tuta linalopunguzwa kimo liwe na nguvu zaidi. Nilichora mavumbini kwa kijiti, nikaeleza kama nilivyomweleza msomaji hapo juu. Mwenyekiti alisema kwamba njia ile ni mali ya umma, na mwinuko wowote lazima upate idhini ya wenye mamlaka ya barabara. Barua ikaandikwa. Mhandisi alikuja baada ya miezi miwili, akapima, akakubali, akaagiza pia alama ya onyo na mistari ya rangi nyeupe, kwa sababu tuta lisiloonekana usiku ni mtego. Saruji na kokoto vilihitaji michango, maana tuta pana hula mali nyingi kuliko jembamba. Wenye magari walichangia zaidi, na wazazi walitoa nguvu kazi.

Katika ile miezi miwili tuta la zamani lilibaki mahali pake, nami niliendelea kutembea. Bibi yule nilimkuta asubuhi nyingi akimshika mkono mjukuu wake, ambaye wakati huo alitembea kwa magongo. Hatukuzungumza sana. Siku moja aliniambia kwamba mtoto huniita mwalimu wa matuta, akacheka, na mimi nikacheka.

Tuta jipya limefanya kazi yake kwa kiasi ambacho kazi ya binadamu hufika. Gari la mizigo likilijia kwa kasi huinuka lote pamoja na shehena yake na kurudi chini kwa kishindo kinachomgusa dereva mwenyewe mgongoni; wengi hawarudii. Wapo wanaorudia. Bomba la maji huziba kila mvua kubwa, na lazima mtu alizibue. Mhandisi alituambia tusilisifu kupita kiasi, kwa kuwa tuta lolote huichelewesha gari ya wagonjwa na huyaumiza mifupa ya mgonjwa aliyelala ndani, na kwamba barabara inayojengwa nyembamba na yenye kona kwa kusudi yaweza kupunguza mwendo bila kumwinua mtu. Maneno hayo ni ya haki, nami nayaandika hapa ili msomaji asidhani kwamba natunga utenzi wa kulisifu tuta.

Ninachotaka kusema ni kidogo kuliko hicho. Watu wanaotunga vizuizi, viwe vya saruji au vya karatasi, mara nyingi hujiuliza kizuizi kiwe kirefu kiasi gani. Ni mara chache wanaojiuliza kimeumbwaje, na kitampata nani. Katika kazi yangu nimeona mitihani iliyomwangusha mwanafunzi maskini wa vitabu na kumwacha mvivu mwenye vitabu apite. Kimo chake kilikuwa sawa kwa wote, na walioitunga walijivunia usawa huo. Mwenye gari refu hatagundua kamwe kwamba tuta lina umbo baya, kwa sababu halimgusi. Gundua hilo atagundua aliye chini, ambaye kila sentimita humhusu. Kwa hiyo anayetaka kujua kama kizuizi fulani ni cha haki asimwulize aliyekiruka. Amwulize aliyelazimika kukipima kabla ya kukipita.

Kwa dereva wa gari la chini nina neno la mwisho, nalo ni la vitendo. Funga breki mapema, iachie kabla ya tuta, panda kwa gia ya kwanza, usiongeze mafuta mpaka gurudumu la mwisho limeshuka, na usichukue njia ya mwenzio kwa ajili ya kuokoa rangi ya bampa yako. Ukiona tuta ambalo haliwezekani, usiligombe, lipime. Mpwa wangu anatazamiwa kurudi mwisho wa mwaka. Gari lake lina sentimita 11 zile zile, bakuli la oili halina hata mchubuko, na mtoto wa darasa la pili, ambaye sasa yumo darasa la tatu, huvuka mbele yake kila asubuhi bila kukimbia.